Unakwenda Uswidi na Mtani Wako

Kibaha, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Damari,

Sitakuuliza hali, kwa sababu nakusikia ukikoroma chumba cha pili, na mtu anayekoroma namna hiyo usiku wa kuamkia safari ya Ulaya ni mzima kuliko mimi. Habari za hapa nyumbani nazo sitakupa, maana bado hujaondoka. Mambo ya soksi, ya vidonge vya malaria ambavyo huko havitakuwa na kazi, na ya namna ya kukaa ndani ya ndege ameyashika baba yako. Hajawahi kupanda ndege, lakini amesafirisha vifaranga miaka mingi, na anaamini kanuni ni zilezile: wapate joto, wapate maji, wasibanane. Msikilize. Mimi nitaandika yale ambayo ningeyasema kwa mdomo yangegeuka hotuba.

Sifa yangu unaijua. Kwenye mkutano wa kijiji, mwenyekiti akifika kwenye mengineyo hutazama kwanza upande wangu, kisha hutazama jua. Gazeti limechapa barua zangu kuhusu sabuni, kuhusu korosho, na kuhusu wanaume wanaogombea viti vya mbele kanisani ili wakasinzie hukohuko mbele. Nimesoma kila kilichopita mikononi mwangu, hata yale maelezo ya mashine ya baba yako ya kutotolea vifaranga, nikayaandikia masahihisho pembeni. Baba yako aliyafuata masahihisho. Hatutazungumzia vile vifaranga.

Mwaliko ulipokuja kutoka usharika rafiki wa Uswidi, kwamba wapelekwe vijana wawili wakakae nao, waimbe, wahubiri na kuwatembelea wazee wao, wa kwanza kusimama kupinga nilikuwa mimi. Nilisema watu hao walikuja kwetu wameshika Injili mkono mmoja na mizani ya pamba mkono wa pili, na leo wanataka tuwapelekee watoto wetu wakawaimbie wakati wa chai. Mchungaji akaniuliza kwa upole wake ule unaonitia hasira, "Mama Damari, unapinga safari au unapinga chai?" Watu wakacheka. Nikasema napinga vyote viwili, nikaenda nyumbani kuliandikia gazeti.

Wiki iliyofuata mkachaguliwa wewe na Kulwa. Usiku uleule niligundua kwamba ni wajibu wa Afrika kuwarudishia Wazungu Injili waliyotuletea wakaisahau kwao, nikaanza kuandika barua ya pili. Baba yako, bila kuinua macho kwenye sahani, aliuliza kama ile ya kwanza ilikuwa imeshafika posta.

Basi nakuandikia kama mtu anayeijua kazi unayoiendea. Mimi pia nimewahi kubeba habari njema nikagonga milango ya watu.

Nilipokuwa na umri wako, Uhuru ukiwa bado unanukia rangi mpya, walinipeleka Magindu kufundisha watu wazima kusoma. Niliwakuta wakulima na wafugaji wamenisubiri ghalani, wametoka shambani na malishoni, wamenawa miguu. Ilinipasa kuanza na herufi ya kwanza. Lakini niliona si haki mtu aijue herufi kabla hajajua kwa nini alinyimwa, kwa hiyo nikaanza na biashara ya watumwa. Nikaja kwa Wajerumani, nikaja kwa Waingereza, na jua lilipokuwa linazama nilikuwa sijachora hata mstari ubaoni. Watu walikuwa wakitoka mmoja mmoja kwa adabu, wameinama kama watu wanaopita mbele ya wakwe. Mwisho akabaki mzee mmoja ananikodolea macho. Moyo wangu ukajaa. Nikamwambia, "Shikamoo babu. Nafurahi wewe umenielewa." Akasema, "Marahaba, binti. Nimekuelewa. Nasubiri kigoda changu, umekikalia."

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Sikuishia. Ilipokuja kazi ya kuwahamishia watu vijijini nikawa mstari wa mbele, na sehemu niliyopewa ilikuwa ni kwetu, vilima vya Kisarawe. Nikawahutubia wajomba zangu. Nikamhutubia mama yangu mzazi, Bibi yako, aliyekuwa akiishi peke yake katikati ya mikorosho aliyoipanda na marehemu babu yako. Nilimweleza habari za maji, zahanati na shule. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Umesema vizuri. Sasa kula." Akanipakulia.

Lori lilipokuja, akapakia vyungu vyake akapanda. Hakulia wala hakugomba. Kila msimu wa korosho alikuwa anarudi kule porini kwa miguu, anaokota, anarudi na kikapu kichwani, na mimi nikimkuta njiani nilikuwa nampa habari za mkutano mkuu. Usinielewe vibaya. Siasa hii nitaitetea mbele ya mtu yeyote, na zahanati ile imeokoa watoto. Lakini katika maneno yote niliyomwambia Bibi yako hapakuwa na swali hata moja. Sikumuuliza kama anataka.

Sasa nije kwa Kulwa, maana barua hii ni yake pia, ingawa nikimwona asubuhi nitamwita mbeba mizigo kama kawaida.

Ulikuwa mdogo baba yake alipohamishiwa kwenye mitambo ya maji ya Ruvu wakaja kupanga nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wanyamwezi wa Tabora, Wamoravian kwa kuzaliwa, wakaingia kwetu Walutheri kwa sababu, alivyosema Mama Kulwa, kanisa letu lilikuwa karibu na yeye alikuwa amechoka. Siku ya kwanza aliingia jikoni kwangu bila hodi, akafunua chungu, akasema, "Kisamvu tena? Ndiyo maana nyinyi Wazaramo Mjerumani aliwachukua mchana." Nikamjibu kwamba babu zake walifika Pwani na mizigo kichwani, na naona vichwa havijapata nafuu. Akakaa, akala kisamvu, akamaliza. Wewe na Kulwa mlikuwa mlangoni mnatukodolea macho. Baada ya mwezi mlikuwa mnatukanana wenyewe, kabla hata hamjajua kugawanya hesabu.

Huna haja ya kuelezwa utani, umekulia ndani yake. Lakini huko uendako utaulizwa, na mimi nilipoulizwa nilishindwa, kwa hiyo soma nilivyoshindwa ili wewe ujibu vizuri zaidi.

Unaukumbuka msiba wa Bibi. Nilisimamia jambo moja tu, kwamba azikwe kule kwenye mikorosho yake, na sikutoa sababu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu watu walikubali bila hoja. Mama Ingridi alikuwa amefika Kibaha siku hizo, ametumwa na usharika wake wa Uswidi kuwaona nyinyi wasichana wawili kabla ya safari. Akaja Kisarawe kuzika pamoja nasi. Alisimama juani na soksi zake nene, uso mwekundu kama nyanya, hakukubali kuketi. Nilimheshimu kwa hilo, ingawa sikumwambia. Mchungaji aliniomba nikae karibu naye nimtafsirie, kwa kuwa Kiingereza changu ndicho kilichokuwa kirefu kuliko vya wengine.

Wewe ulikuwa hujalia. Tangu habari ifike ulikuwa umekauka kama kuni, huli, husemi, Kulwa anakufuata nyuma kama kivuli. Hapo ndipo akatokea Mama Kulwa. Alikuwa amevaa kanga ya Bibi, ameshika mkongojo wa Bibi, amejikunja mgongo vilevile, na anapiga chafya ya ugoro vilevile. Akapita kwenye mafiga kukagua vyungu. "Nani ametia chumvi hapa? Binti yangu msomi? Basi mchuzi huu umejaa maneno." Wanawake wakaangua kicheko huku machozi yanawatiririka. Nikakutazama. Ulicheka, mwanangu, kicheko kikakatika katikati kikawa kilio, na Kulwa akakudaka, akakufuta uso kwa kanga yake huku anakwambia kamasi za Kizaramo hazitoki hata kwa sabuni ya magendo.

Kwenye kaburi ndipo mambo yalipoharibika, au nilipoyaharibu. Mama Kulwa alishuka kaburini na mkeka, akautandika, akalala chali. "Hazikwi mtu hapa. Bibi huyu alikula michembe yangu ya viazi vikavu niliyotoa Tabora, akasema ni magome ya mti. Nilipwe kwanza." Mchungaji akafunga kitabu chake akasubiri, kwa kuwa anajua mtani hasukumwi. Baba yako akaleta kuku. Mama Kulwa akampima kwa mkono akiwa palepale chini, akamrudisha. "Huyu amefundishwa siasa mpaka amekonda. Leteni mwingine." Watu wakacheka tena. Akaja kuku wa pili, akamkubali. Akasimama, akakung'uta udongo, akaligeukia jeneza, na sauti yake ikawa ya chini.

"Bibi, binti yako alikuhamisha kwa hotuba. Leo tumekurudisha kwa miguu. Lala."

Hakuna aliyecheka. Hata kuku alinyamaza.

Mama Ingridi akaniinamia akauliza yule mama anasema nini. Na mimi, Damari, nilikuwa nimechomwa mahali ambapo hakuna mtu amewahi kunichoma, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu ni mtani peke yake katika dunia nzima aliyekuwa na ruhusa ya kuisema. Nikamjibu kavu, "Anasema mama yangu hakuwa na shukrani, na mimi nilimfukuza kwake." Akashtuka. Akauliza kama ni ndugu. Nikasema si ndugu, ni mama yake Kulwa.

Nikaishia hapo. Ningeongeza sentensi moja tu, kwamba babu zao walishuka Pwani na misafara, babu zetu wakawauzia maji na mihogo, wakapigana, wakaoana, wakazikana, mwisho wakapatana kwamba tusi kati yao lisiwe tusi. Ningeongeza kwamba mtu huyu aliyelala kaburini kwa mama yangu ndiye mtu wa kwanza nitakayemwita nikifiwa tena. Sikuongeza. Nilijiambia kwamba sitawaeleza Wazungu mila zetu kana kwamba sisi ni sanamu kabatini. Msimamo mzuri sana. Nimeuandikia hata makala. Siku ile niliutumia kama blanketi, kujifunika nilipoumia.

Haikupita wiki Mchungaji akaja nyumbani, amevua kofia kabla hajafika mlangoni. Mama Ingridi, kwa moyo mwema kabisa na kwa kukuonea wewe huruma, alikuwa amesema si haki kumpeleka mtoto mfiwa nchi ya baridi, akalale chumba kimoja na binti wa watu wanaoichukia familia yake. Wewe utakwenda. Kulwa abaki, na nafasi yake apewe yule binti mpole wa kiongozi wa kwaya, ambaye hajawahi kumtukana mtu, na kwa sababu hiyo hana rafiki.

Kulwa alikuja jioni akasimama mlangoni. Nilikuwa ndani, nilisikia.

"Basi Mzaramo utakwenda peke yako," alisema. "Ukipotea kwenye theluji mimi kukutafuta siji."

"Siendi," ulimjibu.

"Usiwe mjinga."

"Mjinga ni wewe. Nimesema siendi."

Mimi ulinipita ukaenda kuteka maji. Ningependa unitukane.

Nikaingia vitani, ndiyo njia niliyoijua. Nilimkuta Mama Ingridi barazani kwa Mchungaji na kikombe chake cha chai, na nilianza kabla sijakaribishwa. Nilimwanzia Berlini walikotugawana. Nikapita kwenye kodi ya kichwa, nikapita kwenye pamba ya kulazimishwa, nikamweleza jinsi macho ya mgeni yanavyoona ugomvi kila yanapoona watu weusi wawili wanapaza sauti. Yote yalikuwa ya kweli, na nayasimamia mpaka leo. Mwishowe Mama Ingridi aliweka kikombe chini akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Lakini wanamchukia mwanao?"

Swali lilikuwa jepesi, jibu lake neno moja. Lakini mimi wakati huo nilikuwa nimeshafika mbali, niko karne iliyopita, na kurudi haraka haikuwezekana. Nikamwambia hilo ndilo swali la watawala siku zote. Akainuka akaingia ndani. Mchungaji akatazama kiti kilichobaki kitupu, akaniambia, "Mama Damari, umeshinda." Nikajua tumeshindwa.

Nimeshinda hivyo mara nyingi maishani. Nikihesabu waliokuwa barazani wakati naanza, na waliokuwepo namaliza, naona mara nyingi nilibaki na Mchungaji tu, naye ni kwa sababu baraza ni lake.

Safari ya kurudi nilinyeshewa, homa ikaniangusha. Wewe ulikuwa shule, baba yako yuko Mlandizi na vifaranga. Nilikuwa natetemeka kitandani mpaka kitanda kinatembea, na aliyeingia bila hodi alikuwa Mama Kulwa, ambaye mwanawe amekosa safari kwa ajili ya mdomo wangu, mara ya kwanza nilipoufunga na mara ya pili nilipoufungua. Alikuwa anajua yote. Akapika uji. Akaniinua, akaniegemeza kifuani kwake kama mtoto, akaanza kuninywesha kwa kijiko.

"Meza, Mzaramo. Mvivu wewe, hata kuugua unataka kubebwa. Usife leo, mgongo bado unaniuma na kaburi la mama yako, na kuku wa mumeo bado wamekonda. Meza."

Mama Ingridi alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale muda gani. Alikuwa amekuja kuniomba radhi, yeye aniombe mimi, amebeba sukari, kitu ambacho hapa Kibaha hatujakiona dukani tangu sijui lini. Mama Kulwa alimwona akaendelea kunitukana bila kupunguza, huku mkono wake mwingine unanipangusa jasho shingoni. Mama Ingridi alitazama ule mkono. Kisha akauliza polepole, "Anasema nini sasa?"

Sikuwa na nguvu. Homa ilikuwa imenipokonya Berlini, imenipokonya pamba, haikuniachia hata mfalme mmoja wa Ulaya. Nikasema, "Anasema ananipenda."

Mama Kulwa akasimamisha kijiko. "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia unasema mimi ni mvivu."

"Mwambie na kupika hujui."

Nikamwambia na hilo. Mama Ingridi akakaa miguuni pa kitanda akacheka mpaka akavua miwani kujifuta macho. Kisha akaomba nimuulize Mama Kulwa kama na yeye anaweza kutukanwa siku moja. Nikatafsiri. Mama Kulwa akampima kuanzia soksi mpaka nywele, kama alivyompima kuku.

"Mwambie bado. Hatujazikana."

Hilo nililieleza, Damari. Nililieleza lote, babu zetu na maji na mihogo, kwa sentensi chache za mgonjwa, na Mama Ingridi aliitikia kwa kichwa, akaelewa. Akapokea bakuli la uji akalishika, ili Mama Kulwa apate kunifunga kanga vizuri. Siku iliyofuata alimwambia Mchungaji kwamba waliochaguliwa mwanzo ndio watakaokwenda. Mengine unayajua, kwa sababu wewe na Kulwa mlipiga kelele mpaka baba yako akahofia kuku watasusa kutaga.

Nimekusimulia haya kwa urefu kwa kuwa kesho mnakwenda mahali ambapo mtasikika. Mtatukanana asubuhi mkifunga viatu, na mwenye nyumba atakimbia kumwita mchungaji wake. Basi mmoja wenu acheke kwa sauti, waelewe. Watachanganya majina yenu, na siku nyingine watamsifu mmoja wakamsahau mwingine aliyesimama hapohapo. Na ipo siku mtu mwema ataketi nawe faraghani akuulize Kulwa ni mtu wa namna gani. Siku hiyo usitanie. Mimi nimejifunza kwa gharama ya machozi yako kwamba utani haufanywi mbele ya mtu anayeweza kumfungia mtani wako mlango nje. Mwambie maneno machache yaliyo kweli. Mizaha mtakutana nayo chumbani.

Kuhusu kuhubiri sina la kukufundisha. Sauti unayo, Biblia unaijua kuliko mimi. Wasemavyo, makanisa yao ni makubwa na ndani wamekaa wazee wachache, kila mmoja na benchi lake. Ukifika kwa mmoja wa wazee hao akakukatiza akasema kula kwanza, usimwone ameikataa habari yako. Kula. Kisha umuulize yeye anataka nini. Mimi swali hilo nilikuja kulikumbuka wakati aliyepaswa kulijibu yuko kwenye jeneza, na aliyemjibia ni Mnyamwezi.

Chini kabisa ya sanduku lako, ndani ya zile soksi ambazo baba yako anaamini amezipanga yeye, kuna korosho. Nimezikaanga mwenyewe, ndiyo maana nyingine zimeungua. Ni za mikorosho ya Bibi. Wiki iliyopita niliwaambia nakwenda mkutanoni Kisarawe. Hapakuwa na mkutano. Niliokota kutwa nzima kule juu, sikumhutubia mtu, mgongo ukaniuma, nikamkumbuka yule mama na kikapu chake kichwani anapandisha kilima huku mimi nampa habari za mkutano mkuu. Mpe Kulwa nusu. Mama Ingridi mpe anazotaka, alisimama juani.

Limebaki moja. Asubuhi, Landrova ya usharika ikishawashwa, Mama Kulwa atatandika mkeka barabarani mbele ya magurudumu, atalala. Dereva atapiga honi, Mchungaji atatazama saa, baba yako atakwenda kutafuta kuku. Msiwe na haraka ya kumwinua. Atasema hampiti mpaka alipwe, na kuku atamkataa, hata awe amenona. Malipo anayoyataka ni muape, wewe na Kulwa, mbele ya watu wote, kwamba mlivyokwenda wawili mtarudi wawili.

Mimi ndiye niliyemtuma. Nilikwenda kwake jioni hii kumwomba, wewe ukiwa unapiga pasi. Akaniuliza kwa nini nisilale mwenyewe, si mtoto wangu pia anaondoka. Nikamwambia mimi ni mwalimu, nina heshima yangu Kibaha, na zaidi ya hayo nimeshaandika gazetini kwamba safari hii ni wajibu wa Afrika, siwezi tena kuonekana barabarani naizuia. Alinitazama kwa yale macho yake ya kupimia kuku.

"Mzaramo mvivu," akasema, "hata kulala unamtuma mtu."

Kisha akaingia ndani, akautoa mkeka, akautandika sebuleni nikauona. Ni ule uliokwenda kaburini kwa Bibi. Ni mpana, Damari. Ukiona asubuhi tumelala wawili, usishangae, na tafadhali usinihutubie. Lipa tu.

Mama yako